Upasuaji wa kupunguza uzito: kazi kubwa huanza ukirudi nyumbani

Upasuaji wa kupunguza uzito hufanyika kwa saa chache katika hospitali ya mbali. Kazi ya kuulinda uzito uliopungua hufanyika hapa nyumbani, katika jikoni za Kimilili, Kamukuywa, Maeni na Kibingei, na haina siku ya mwisho.

Wakazi waliofanyiwa upasuaji huu si wengi katika kaunti yetu. Lakini wapo wanaoufikiria, wapo wenye jamaa Nairobi au ng'ambo waliofanyiwa, na wapo wengi zaidi waliowahi kupunguza uzito kwa njia nyingine kisha wakauona ukirudi. Makala haya yanawahusu wote hao. Yanaeleza kwa nini uzito hurudi, mtu afanye nini ili usirudi wote, na ni wakati gani anapaswa kurudi kliniki bila kuona haya.

Jambo la kwanza kulielewa ni hili: uzito kurudi kidogo baada ya upasuaji si dalili ya uvivu, na si ushahidi kwamba pesa zilipotea bure. Ni tabia ya mwili. Hatari huja pale mtu anapoona aibu, akaacha kupanda mizani, akaacha kliniki, na kurudi hospitalini miaka mitano baadaye kisukari kikiwa kimerudi pia.

Unene si jambo la wachache tena

Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa katika kundi hilo. Hiyo ni karibu nusu.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mwili mkubwa ni dalili ya kushiba na kutunzwa vizuri. Lakini unene wa kupindukia huandamana na kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, na baadhi ya saratani.

Madaktari hupima unene kwa kipimo kinachoitwa BMI. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 110 mwenye urefu wa mita 1.60 hupata takribani 43. Kuanzia 25 ni uzito uliopita kiasi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kwa miaka mingi upasuaji ulipendekezwa kwa wenye 40 na zaidi, au 35 na zaidi ikiwa wana magonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza kiwango hicho, vikasema mtu mwenye 35 anaweza kuzingatiwa hata bila ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari cha aina ya pili kuanzia 30.

Upasuaji hufanya nini

Hapa nchini upasuaji huu hufanywa katika hospitali chache kubwa, ikiwemo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi. Baadhi ya Wakenya husafiri hadi India. Majirani zetu wa Tanzania nao hutoa huduma za aina hii katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ambako baadhi ya wagonjwa huwekewa puto katika mfuko wa chakula. Puto si upasuaji, nalo hutolewa baada ya miezi kadhaa.

Njia mbili za upasuaji ndizo hufanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, akabakiza sehemu nyembamba kama mrija. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo kinachobeba takribani mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, kisha akakiunganisha na utumbo mbele kidogo. Chakula hupita njia ya mkato, kama gari linalotumia barabara ya mchepuko ili lisipite katikati ya mji.

Watu wengi hudhani siri yote ni mfuko kuwa mdogo. Hiyo ni sehemu tu. Upasuaji pia hubadilisha homoni. Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo hupeleka ujumbe wa njaa kwenye ubongo. Mfuko ukikatwa, ujumbe huo hupungua. Wakati huohuo utumbo hutoa kwa wingi homoni za kushibisha. Ndiyo maana miezi ya kwanza mtu hula vijiko vichache akatosheka, na kilo huanguka haraka.

Hesabu ya miaka kumi

Nini hutokea baadaye? Jibu zuri limetoka Sweden. Kuanzia mwaka 1987 watafiti wa huko waliandikisha watu zaidi ya 4,000 wenye unene wa kupindukia, nusu wakafanyiwa upasuaji na nusu wakapata matibabu ya kawaida, kisha wakawafuatilia kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa mchepuko walipunguza asilimia 32 ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Baada ya miaka kumi upungufu ulikuwa umetulia kwenye asilimia 25. Wasiofanyiwa upasuaji walibaki karibu pale pale walipoanzia. Na kundi la upasuaji, kwa jumla, lilikuwa na vifo vichache zaidi.

Tuweke hesabu hiyo katika mfano. Tuseme kuna mama wa Kamukuywa mwenye kilo 120. Huyu si mtu halisi, ni wa hesabu tu. Akifuata wastani huo, baada ya mwaka mmoja au miwili atakuwa na takribani kilo 82. Baada ya miaka kumi atakuwa na kilo 90. Majirani watasema ameanza kunenepa tena, na watakuwa wameona sawa, kwa sababu kilo 8 zimerudi. Lakini bado ana kilo 30 chini ya alipoanzia. Akijilinganisha na siku ile alipokuwa mwembamba zaidi, atakata tamaa. Akijilinganisha na alikotoka, ataona bado ameshinda.

Wastani huficha mengi. Wapo wanaobaki chini kabisa, na wapo wanaorudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza. Tofauti hiyo haitoki kwa daktari peke yake. Sehemu yake hutokana na mambo ya kila siku, na hayo ndiyo tunayoweza kuyashughulikia.

Kwa nini kilo hurudi

Sababu ya kwanza ni kwamba mwili haupendi kupungua. Unapopoteza kilo nyingi, unahitaji chakula kichache zaidi kuendesha siku yako, kwa sababu mwili mdogo hutumia nguvu kidogo. Juu ya hapo, mwili hubana matumizi kama mwenye nyumba aliyepunguziwa mshahara. Kiasi cha chakula ambacho zamani kilikuwa kinakupunguza, sasa kinakutosha, na baadaye kinakuongeza.

Sababu ya pili ni kwamba njaa hurudi. Miezi ya kwanza huwa ya raha, na wengi hudhani itakuwa hivyo daima. Kufikia mwaka wa pili hamu ya chakula huwa imeanza kurejea, na mfuko nao huwa umelegea kiasi na unaweza kupokea chakula zaidi kuliko mwanzo. Aliyeambiwa mapema hashtuki. Asiyeambiwa hudhani upasuaji umeharibika.

Sababu ya tatu ni kudonoadonoa. Mfuko mdogo humzuia mtu kumaliza sahani kubwa ya ugali kwa mara moja, lakini haumzuii kula kidogo kidogo kutwa nzima. Mandazi moja saa nne, njugu kiganja kimoja saa sita, nusu ya mhindi wa kuchoma saa kumi, mabaki ya watoto jioni. Hakuna hata mara moja aliyokula sana, lakini siku nzima amekula. Hatari hii huwapata zaidi wanaouza vyakula sokoni na wanaopika kwa ajili ya familia kubwa.

Sababu ya nne ni vinywaji. Chakula kigumu hukaa kwenye mfuko na kukushibisha, ilhali kinywaji hupita haraka. Soda, juisi ya pakiti, chai ya sukari nyingi na pombe huingia bila kizuizi.

Anza na kikombe

Tukiwa kaunti ya miwa, sukari tumeizoea. Kijiko kimoja cha chai kina takribani gramu 4. Mtu anayeweka vijiko vitatu na kunywa vikombe vinne kwa siku hula vijiko 12, sawa na gramu 48, kabla hajagusa chakula. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema zaidi mtu mzima asizidishe takribani gramu 25 za sukari ya kuongeza kwa siku, yaani vijiko kama sita. Chupa moja ya soda ya nusu lita peke yake inaweza kuwa na zaidi ya gramu 50.

Si lazima uache chai. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili hadi ulimi uzoee. Kunywa maji kati ya milo, siyo pamoja na chakula, na subiri kama nusu saa baada ya kula.

Pombe inahitaji neno lake. Baada ya upasuaji wa mchepuko, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi. Glasi iliyokuwa haikufanyi kitu sasa inaweza kukulewesha. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba wenye tatizo la pombe waliongezeka kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi 9.6 katika mwaka wa pili. Wengine walikuwa hawana tatizo hilo hapo awali. Kwa hiyo busaa ya sherehe na bia ya jioni si jambo dogo kwa mtu huyu, na ndugu wasimshurutishe.

Kisha sahani

Katika sahani yetu ya kawaida ugali ndio mlima, na mboga ni kibanda kilicho chini yake. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji, mpangilio huo ugeuzwe. Aanze na kitoweo, kisha mboga, na ugali uje mwisho, kama bado kuna nafasi. Sababu ni kwamba nafasi ni ndogo, na protini ndiyo huzuia misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Misuli ikipotea, mwili hutumia nguvu kidogo zaidi na kilo hurudi kwa urahisi.

Wataalamu hushauri angalau gramu 60 za protini kwa siku. Si lazima ununue unga wa mkebe. Mayai mawili yana takribani gramu 12. Vikombe viwili vya maziwa vina kama 16. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15. Kipande cha kuku kinachotosha kiganja kina kama 25. Jumla ni gramu 68, na vyote hivyo vinapatikana katika soko la Kimilili au Chwele. Omena ni kitoweo kizuri pia, mradi isizamishwe kwenye mafuta.

Mboga zetu za kienyeji, kama managu, saga, kunde na mrenda, zina chuma na kalisi, na hujaza sahani bila kuongeza kilo nyingi. Ubaya huja pale zinapokaangwa kwa mafuta mengi au kuungwa kwa malai ya kupindukia. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye mtungi.

Tumia kisahani kidogo. Tafuna polepole. Kaa chini kula, na ukimaliza, sahani iondoke. Kula kwa saa zinazojulikana ndiyo kinga kubwa dhidi ya kudonoadonoa.

Miguu na mizani

Tangu bodaboda zienee, safari ya dakika 15 tumeigeuza kuwa ya shilingi 50. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayetaka kuzuia uzito usirudi alenge ule upande wa juu, yaani karibu saa moja kwa siku tano. Kutembea haraka kunatosha, na si lazima iwe saa moja mfululizo. Dakika 20 asubuhi, 20 mchana na 20 jioni ni sawa. Kulima ni mazoezi pia, lakini kuna msimu wake. Baada ya mavuno mwili hupumzika huku ghala likiwa limejaa, na hapo ndipo kilo huingia kimyakimya. Ongeza kazi za kunyanyua uzito wa kiasi mara mbili kwa wiki ili kulinda misuli.

Nchini Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1994 la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao walipunguza bila upasuaji. Mambo wanayofanana yanajulikana: hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, hula kwa mpangilio usiobadilika sana, na wengi wao hujipima uzito angalau mara moja kwa wiki.

Jipime siku ileile kila wiki, asubuhi, kabla ya kula. Andika kwenye daftari. Usiyumbishwe na kilo moja juu au chini, kwa sababu maji mwilini hubadilika. Kubaliana na daktari wako mstari wa tahadhari, kwa mfano kilo tano juu ya uzito ulipotulia. Ukiuvuka, rudi kliniki mwezi huohuo. Kilo tano ni rahisi kushughulikia kuliko ishirini.

Hapa magharibi mwa Kenya mpango wa AMPATH umewahi kuunganisha vikundi vya akiba na huduma za shinikizo la damu na kisukari, ili watu wakutane kwa pesa na kwa afya siku moja. Wazo hilo linaweza kuigwa na chama chochote. Kabla ya kuhesabu michango, wanachama wapande mizani, wapime shinikizo, kisha watembee pamoja hadi njia panda na kurudi.

Maneno ya watu

Kuna jambo ambalo vitabu vya hospitali husahau. Mtu akipungua haraka huku kwetu, watu hunong'ona. Huulizwa kama anaugua, kama ana ukimwi, kama ndoa ina shida. Wengine humwonea huruma na kumwongezea chakula. Wapo waliofanyiwa upasuaji ambao hurudi kula kupita kiasi kwa sababu ya kunyamazisha maneno hayo.

Vilevile, uzito ukianza kurudi, walewale hucheka. Mtu huyo hubanwa pande zote mbili.

Kisha kuna sherehe. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, na nyama, ugali na busaa huwa vingi. Kuna harusi, kuna matanga, kuna wageni wa Desemba. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo usikatae. Pokea sahani, kula kitoweo na mboga, kisha mpe mtoto au mwenzako ugali uliobaki. Kula kidogo nyumbani kabla ya kwenda. Kaa mbali na meza ya soda. Na siku ya sherehe ikipita, kesho yake irudi kuwa siku ya kawaida. Mlo mmoja hauharibu kazi ya miaka. Kinachoiharibu ni wiki tatu za kusema, "Kwa kuwa nimeshakosea, acha niendelee."

Ndugu na majirani nao wana sehemu yao. Usimwambie "umekwisha" wala "umerudi mnene." Muulize unavyoweza kusaidia. Aliye mpishi wa nyumba apike chakula kimoja kinachofaa wote, kwa sababu mboga nyingi na sukari kidogo hazimdhuru mtu yeyote mezani.

Vidonge visivyokoma na dalili za hatari

Kwa kuwa chakula ni kidogo, na kwa upasuaji wa mchepuko kinapita mkato, mwili hukosa baadhi ya virutubisho. Vitamini B12, vitamini D, chuma na kalisi huhitajika maisha yote kwa kiasi atakachoandika daktari. Usimeze chuma na kalisi pamoja. Weka angalau saa mbili kati yake. Usinywe chuma kwa chai pia, kwa maana chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Damu ipimwe angalau mara moja kwa mwaka, hata kama unajisikia mzima. Waliokuwa na kisukari au shinikizo la damu waendelee kupimwa hata kama waliachishwa dawa, kwa sababu magonjwa hayo huweza kurudi polepole bila dalili.

Mwambie kila daktari, muuguzi na mwenye duka la dawa kwamba ulifanyiwa upasuaji huu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuleta vidonda, hasa baada ya upasuaji wa mchepuko. Wanawake washauriwe kuhusu uzazi: wataalamu hupendekeza kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi sawasawa baada ya mchepuko. Uliza njia nyingine.

Nenda hospitalini mara moja ukiwa na maumivu makali ya tumbo, ukitapika bila kukoma, ukitapika damu au kupata choo cheusi. Kutapika kwa siku nyingi kunakofuatwa na kuyumba, kuona vitu viwiliviwili au kuchanganyikiwa ni dharura. Huenda ni upungufu wa vitamini B1, na kuchelewa kunaweza kuacha madhara ya kudumu.

Huzuni ya muda mrefu, kunywa pombe kwa siri au kujichukia kwa sababu ya ngozi iliyolegea ni mambo ya kumwambia mhudumu pia. Ni sehemu ya matibabu.

Sindano na dawa za mitaani

Siku hizi kuna sindano za kupunguza uzito, kama zile zenye semaglutidi. Hizo ni dawa halali za kuandikiwa na daktari, na baadhi ya wagonjwa walioongeza uzito baada ya upasuaji hupewa. Lakini nazo hazikamilishi kazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watu walioziacha walirudisha takribani theluthi mbili za uzito waliokuwa wamepoteza ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutidi bandia zilizonaswa katika nchi kadhaa. Usinunue sindano kwa mtu wa mitandaoni. Chai za "kukausha tumbo" nazo nyingi ni majani ya kuharisha. Unapoteza maji, na mafuta yanabaki palepale.

Kama bado unafikiria upasuaji

Hakikisha hospitali na daktari wamesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Uliza ni wagonjwa wangapi daktari huyo amewahi kuwafanyia, na ni nani atakayekufuatilia baada ya mwaka wa kwanza. Uliza kwa maandishi gharama ambazo bima yako italipa, iwe ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, au bima ya kibinafsi. Katika hesabu yako weka vidonge vya maisha yote, vipimo vya damu vya kila mwaka na nauli ya kliniki. Anayeweza kulipia upasuaji lakini hawezi kulipia miaka inayofuata, bado hajawa tayari.

Ukirudi, omba barua inayoeleza aina ya upasuaji, tarehe na dawa zako. Iweke pamoja na kitambulisho. Barua hiyo ndiyo itakayomwezesha mhudumu wa Kimilili kukuhudumia bila kubahatisha.

Mahali pa kuanzia ni karibu

Huhitaji kusafiri hadi Nairobi ili kupima uzito, shinikizo, sukari au kiwango cha damu. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba zetu walipewa vifaa kuanzia mwaka 2023, ikiwemo mizani na vipima shinikizo na sukari. Zahanati na vituo vya afya vya wadi hufuata, kisha Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kimilili, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma, na kwa matatizo makubwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Kama ulifanyiwa upasuaji miaka iliyopita na kilo zimeanza kurudi, usingoje hadi uone haya ya kutosha kukufungia nyumbani. Chukua barua yako, daftari lako la uzito na dawa unazotumia, na ufike kituo kilicho karibu wiki hii. Mwambie mhudumu: "Nilipungua, sasa naongezeka, nataka kusaidiwa mapema." Hayo yanatosha kuanzia.